Tupeane uzoefu: maofisa wakija na hati ya upekuzi kuchukua kompyuta zako

Mtoa mada

Wakuu, uzi huu ni wa wapenzi wa kompyuta walioko Marekani: wanaoendesha seva nyumbani, wanaotafuta mianya ya usalama kwenye programu, wanaotoa majarida ya mtandaoni. Nani alionewa wapi tuyaache kwanza. Weka unachokijua, kinavyofanya kazi na kinapokwama.

Naanza na kesi ya Steve Jackson Games, wachapishaji wa michezo pale Austin, Texas. Tarehe 1 Machi 1990 Secret Service, idara ya upelelezi ya serikali ya shirikisho, waliingia ofisini kwao na kubeba kompyuta iliyoendesha ubao wao wa matangazo wa kielektroniki (BBS, ambako watu waliingia kwa simu kuandikiana), ikiwa na barua pepe 162 ambazo wenyewe walikuwa hawajazisoma, pamoja na rasimu ya kitabu kilichokuwa kinaandaliwa. Hakuna aliyeshtakiwa katika kampuni ile. Mwaka 1993 Jaji Sam Sparks aliwapa ushindi na fidia ya zaidi ya dola 50,000.

Wengi wanaishia hapo, na ndipo wanapokosa somo lenyewe. Chini ya sheria ya 1980 inayolinda nyenzo za uchapishaji, jaji hakuiona kuwa kosa ile hatua ya kuvichukua vitu asubuhi ile. Kosa aliliona katika kuendelea kuvishikilia baada ya maofisa kuambiwa, siku ileile, kwamba hapo ni kwa wachapishaji. Maneno yaliyosemwa siku ya kwanza ndiyo yaliyobeba dai. Kwa hiyo sema palepale, mbele ya watu: mashine hii ina barua za watu wengine, hii ina makala yanayoandaliwa kuchapishwa. Kisha wakili aandike barua siku hiyohiyo akirudia hayo kwa kutaja mashine moja moja.

Mchangiaji wa 2

Mkuu umegusa penyewe, ila tusiwape watu matumaini ya bure. Sheria ile ya 1980 ina mwanya mkubwa: haimkingi mwandishi ambaye yeye mwenyewe anashukiwa kwa kosa linalohusu nyenzo hizo. Na kuhusu barua pepe, mwaka 1994 mahakama ya rufaa, katika kesi hiyohiyo, ilisema kuchukua barua zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye diski si sawa na kunasa mawasiliano yakiwa njiani. Kilichobaki ni sheria ya mawasiliano yaliyohifadhiwa, na kule kila mlalamikaji alipata dola 1,000.

Mchangiaji wa 3

Tuongelee hati yenyewe. Marekebisho ya Nne ya Katiba yanataka itaje mahali pa kupekua na vitu vya kuchukua. Hati za mahakama za shirikisho kwa kawaida huviweka kwenye viambatisho viwili: A ni mahali, B ni vitu. Usiridhike na ukurasa wa mbele, soma B. Angalia anwani, sahihi ya jaji na tarehe: inapaswa kutekelezwa ndani ya siku 14, na kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku isipokuwa jaji ameruhusu vingine. Siku hizo 14 ni za kuchukua au kunakili tu. Kuchambua yaliyomo kunaweza kuendelea maabara kwa miezi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani muda umevunjwa.

Wanapaswa kukuachia nakala ya hati na stakabadhi ya walivyochukua. Tatizo la stakabadhi ni uvivu wa maandishi: "kompyuta 1, nyeusi". Ndiyo maana orodha yako uiandae mapema: aina, namba ya kifaa iliyowekwa kiwandani (serial number), ukubwa wa kila diski, picha. Itunzwe nje ya nyumba.

Mchangiaji wa 4

Mlangoni sentensi mbili zinatosha: "Sikubali kupekuliwa, lakini sizuii hati," na "Sitajibu maswali bila wakili." Baada ya hapo, kimya. Kumdanganya ofisa wa shirikisho ni kosa peke yake, hadi miaka 5 jela, hata kama hukula kiapo.

Na tafadhali, tafadhali, usifute kitu. Kuharibu rekodi ili kukwamisha uchunguzi ni hadi miaka 20. Mtu ambaye angeachiwa bila shtaka anaweza kujifunga mwenyewe kwa amri moja ya kufuta seva kutoka mbali.

Mchangiaji wa 5

Nakala rudufu: tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Diski ya nakala iliyokaa rafu ileile na kompyuta itaondoka nayo. Kinachosahaulika zaidi ni simu. Ikichukuliwa, misimbo ya kuingilia akaunti zako imekwenda, na huwezi kufungua hata barua pepe kuwasiliana na wakili. Chapisha misimbo ya akiba kwenye karatasi, mwachie ndugu unayemwamini, pamoja na namba ya wakili.

Mchangiaji wa 6

Si unasimba tu diski nzima, yaani unaifanya isisomeke bila nywila, basi yameisha?

Mchangiaji wa 5

Hayajaisha. Diski iliyosimbwa inalindwa mashine ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka, ufunguo umo kwenye kumbukumbu na maofisa wanajua. Kuhusu kulazimishwa kutoa nywila, mahakama hazijakubaliana, na alama ya kidole mara nyingi hupata ulinzi mdogo kuliko nywila iliyo kichwani. Hilo ni la wakili, usilijadili mlangoni.

Mchangiaji wa 7

Hoji namba za hasara. Kesi ya Craig Neidorf, mhariri wa jarida la mtandaoni, Chicago, 1990: waraka wa kampuni ya simu kuhusu huduma ya dharura ya 911 ulitajwa kuwa na thamani ya dola 79,449. Walikuwa wamejumlisha hadi gharama za kompyuta zilizotumika kuuandaa. Upande wa utetezi ulipoonyesha kuwa habari za namna hiyo zinauzwa kwa umma kwa dola 13 hivi, serikali iliiacha kesi katikati. Leo dola 5,000 za hasara zinaweza kugeuza kosa dogo la kompyuta kuwa jinai kubwa, kwa hiyo wakili adai hesabu mstari kwa mstari.

Mtoa mada

Kurudishiwa vitu: wakili anaanza kwa barua kwa mwendesha mashtaka. Wakikaa kimya, ombi linapelekwa mahakamani chini ya Kanuni ya 41(g) ya mwenendo wa jinai wa shirikisho, katika wilaya ya mahakama ambako vitu vilichukuliwa. Ukiomba "vyote virudi" watajibu kwamba ni ushahidi. Omba kwa tabaka: kwanza nakala ya faili za kazi, ukitaja folda, pili vifaa vilivyokwisha kunakiliwa, tatu vilivyobaki. Na ambatisha ile orodha ya namba za vifaa, maana stakabadhi ya "kompyuta 1, nyeusi" haimwambii jaji ni ipi.