Baridi ya Moshi imenishinda, Julai hii Pangani kuna jua la kutembea ufukweni?

mtu_wa_Rau
Wakuu habari zenu, mwenzenu niko Moshi hapa wiki ya pili sasa mlima hatuuoni, nguo nimefua Jumatatu leo Alhamisi kola bado mbichi. Wikendi ijayo nataka nishuke na mama watoto Pangani, sio kuogelea (sijui kuogelea, msinicheke) nataka tu kutembea mchangani jua linanipiga mgongoni. Julai huko kuna jua kweli au nakuja kukuta mawingu yaleyale? Na nitembee muda gani?

mzigua_wa_Pangani
Karibu mkuu. Jua lipo, hiki ni kipupwe na kwangu mimi ndo msimu mtamu kuliko wote, lile joto la Februari la kulowa shati umekaa tu halipo. Ila kusi linavuma, kofia bila kamba utaikimbiza. Kuhusu muda usiangalie saa, angalia mwezi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi, unapata mchanga mpana na mgumu unatembea kama uko lami, halafu kwenye saa kumi jioni yamejaa mpaka juu pa kupita hamna. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50 hivi, hesabu mwenyewe. Mimi ningekuwa wewe ningevuka mto na pantoni niende ufukwe wa Ushongo.

mama_wawili
Msikilize huyo kaka jamani. Sisi mwaka jana tulimuuliza mhudumu wa gesti akasema tembeeni tu muda wowote, tukatoka saa saba mchana, kwenda raha tupu watoto wanakimbiza kaa, kurudi maji yameshafika kwenye mizizi ya minazi! Tukapita majini hadi magotini, mdogo mgongoni, ndala mkononi, moja ikaniponyoka nikaiangalia hivihivi inaenda zake. Na mafuta jipakeni, ule upepo unadanganya, husikii jua kabisa halafu usiku shingo haigusiki.

chini_ya_Meru
Ukifika mdomoni mwa mto wasalimie maji yetu mkuu 😂 Kikuletwa inatoka huku kwetu Meru, inakutana na mto Ruvu pale bwawa la Nyumba ya Mungu, ndo inakuwa huo mto Pangani. Yametangulia likizo kabla yako.

mtu_wa_Rau
Hahaa asanteni sana. Mama watoto kasoma hiyo ya ndala kasema yeye anaenda peku. Sasa mzigua, nimetoka nje hapa kuangalia mwezi umefika wapi, mawingu tupu, hata nyota moja hamna. Mwenye kalenda anitajie tu siku.