Mrejesho: oveni iliyokuwa haipashi moto upande wa chini
Ndugu zangu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini oveni yangu ya umeme inaunguza mkate juu na kuuacha mbichi chini. Mlioniambia nianze na koili ya chini, yaani kile chuma kinachopasha moto, mlikuwa sahihi kabisa. Baada ya kuzima umeme kwenye swichi kuu na kuondoa bati la sakafu, niliona karibu na kona ya koili uvimbe mdogo wenye ufa, mweusi kama masizi. Na nilipoipima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), njia ya umeme ilikuwa imekatika, ilhali koili nzima ya wati 2,000 kwa volti 230 husoma ukinzani wa omu 26 hivi.

Kazi kubwa ilikuwa kupata kipuri sahihi. Koili ya kwanza niliinunua kwa kulinganisha umbo tu, miguu yake ikapishana na matundu, nami nikairudisha. Ndipo nikasoma namba ya modeli kwenye kibati kilicho pembeni mwa fremu ya mlango, na ile niliyoagiza kwa namba hiyo iliingia bila kulazimishwa. Nilibadilisha pia kichwa kimoja cha waya kilichoungua, kwa sababu kiungo kilicholegea hupata joto na kingeiharibu koili mpya. Sasa mkate unaiva sawasawa pande zote. Nawashukuru kwa dhati.