Kasha la bahati ndani ya mchezo wa tuktuk: tulitoze pesa au la?

Fundi_Majengo
Hamjambo nduzangu. Tuko wawili, twatengeneza mchezo wa simu: waendesha tuktuk, wabeba abiria kutoka Likoni hadi Nyali, wakwepa matatu na mashimo. Kucheza ni bure. Pesa twataka zitoke kwenye kasha la bahati la shilingi 30. Ndani mna rangi mpya, honi, maandishi ya nyuma, au tuktuk ya dhahabu ambayo tumeipa asilimia 1. Mwenzangu yuwataka gurudumu lizunguke kabla ya kasha kufunguka, na mara nyingi lisimame kando kidogo tu ya ile dhahabu. Roho yangu yasita, lakini sina hoja ya kumshika nayo. Je, hii ni kamari? Na hasa ni nini kinachomnasa mtu hapo?

Hesabu_Bondeni
Mpigie mwenzako hesabu kwanza. Asilimia 1 watu huisikia kama "nikinunua 100, moja yangu." Sivyo. Nafasi ya kukosa mara moja ni 0.99, na kukosa mara 100 mfululizo ni 0.99 kwa kipeo cha 100, takriban 0.366. Yaani kwa kila wachezaji 100 watakaonunua makasha 100 kila mmoja, karibu 37 watakuwa wametoa shilingi 3,000 na dhahabu hawajaiona. Nafasi ya kupata ifike asilimia 95, yahitaji makasha 299: shilingi 8,970. Kwa mchoro wa tuktuk! Na aliyekosa 100 hana deni analolidai, kwa sababu kasha la 101 lina asilimia 1 ile ile.

Kuna wanaoweka kikomo, mathalan la 60 ni hakika. Hapo wastani washuka hadi makasha 45 hivi, karibu shilingi 1,360, na hakuna atakayezidi 1,800. Ni afadhali, lakini huzaa mtego wa pili: aliyefika 45 haoni tena shilingi 30 za kasha lijalo, aona 1,350 zilizokwishazama. Mkiifuta hesabu yake mwisho wa mwezi, mmemfunga kamba kabisa.

Nasaha_Tudor
Kinachonasa si zawadi, ni kutojua itakuja lini. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha hili kwa njiwa na panya. Chakula kikija baada ya idadi ya madonoo isiyotabirika, njiwa hudonoa kwa kasi bila kupumzika, na kikikatwa hukawia sana kuacha kuliko yule aliyepewa kila mara. Aliyezoea kupata kila mara hugundua upesi kwamba mambo yamegeuka. Aliyezoea kukosa, kukosa kwingine kwamwambia nini?

Kisha kuna dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu, na neno linalotupwa ovyo siku hizi. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipopima kwa nyani seli zinazoitoa, alikuta huamka zaidi kwa zawadi isiyotarajiwa. Nyani akishajua kwamba ishara fulani hutangulia zawadi, seli huitikia ishara, si zawadi yenyewe. Kwa hivyo zile sekunde tatu za kasha kutikisika na mwanga kupenya kwenye nyufa ndizo bidhaa mnayouza. Honi ni kisingizio.

Gurudumu la mwenzako ndilo baya kuliko yote. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kukosa kwa karibu. Wachezaji waliona kukosa huko ni kuchungu kuliko kukosa kwa mbali, lakini walipokuwa wamechagua picha wenyewe, hamu ya kuendelea ilipanda. Mpira ukigonga mwamba wa goli, mpigaji amejifunza kitu: alenge ndani kidogo. Gurudumu lenu halifundishi lolote, maana seva, ile kompyuta inayoendesha mchezo, imeshaamua kabla halijaanza kuzunguka. Ni uongo uliochorwa.

Sheria_Mvita
Juu ya kamari: mambo matatu huulizwa, kwamba umetoa kitu cha thamani, bahati ndiyo iamue, na upate kitu cha thamani. Mawili mnayo. La tatu ndilo lenye ubishi, na nchi hazikubaliani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba makasha ya kulipia ni kamari. Japani mwaka 2012 ilipiga marufuku aina moja tu, ile ya kukusanya vipande vya bahati ili upate zawadi kuu. Uchina tangu 2017 yataka nafasi zitangazwe, na Apple na Google nazo huzidai kwenye maduka yao. Kwa hivyo hiyo asilimia 1 mtaiandika, mtake msitake, na muiandike kabla ya kitufe cha kulipa. Hapa Kenya kamari ni ya miaka 18 kwenda juu. Mkiruhusu wachezaji kuuziana tuktuk kwa pesa, lile la tatu mmejipa wenyewe. Hapo muoneni wakili kabla ya kuachia toleo.

Fundi_Majengo
Ahsanteni sana. Gurudumu natoa leo. Na tukiuza kwa vito, yaani sarafu ya mchezoni ambayo mtu huinunua kwanza, badala ya shilingi? Mwenzangu asema ndivyo wafanyavyo wote.

Hesabu_Bondeni
Wote hufanya hivyo kwa sababu kito huficha bei. Ukiuza vito kwa mafungu ya 80 na kasha ni 30, makasha mawili huacha 20 zisizonunua kitu, na mabaki hayo ndiyo yanayomrudisha dukani. Andikeni shilingi.

Uzeni tuktuk ya dhahabu waziwazi, shilingi 200, na kasha liwe la bure la mwisho wa safari. Kitufe cha "fungua 10" kiondoeni. Wekeni kiwango cha juu cha matumizi kwa siku, na kukipandisha kungoje saa 24.

Nasaha_Tudor
Naongeza moja. Zawadi ya kuingia kila siku isirudi sifuri mtu akikosa siku. Hesabuni jumla ya siku alizocheza: ya 7 apate rangi, ya 30 apate honi, hata zikichukua miezi mitatu. Na wazazi wanaosoma hapa: kwenye mipangilio ya Play Store kuna sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi. Chagueni kila ununuzi uulize nywila, na namba ya siri ya M-Pesa isijulikane na mtoto.