Wakuu msaada: gadi reli za kidaraja, kona na kivuko kwenye reli ya zamani, nafasi iwe kiasi gani?

Kona Kali
Wakuu habari za jioni, poleni na foleni. Naenda kwenye mada. Mimi ni fundi vyuma, mizunguko yangu ni huku barabara ya Nyerere kwenye mayadi. Kuna bosi ana bohari na ndani yake kuna tawi la reli ya zamani, geji ya mita (yaani nafasi kati ya reli na reli ni mita moja), limekaa miaka bila behewa hata moja, nyasi mpaka kiunoni, sasa anataka mabehewa yaanze kuingia tena mzigo ushukie mlangoni. Akaja injinia mmoja akatembea na njia yote, akaandika kwenye karatasi "gadi reli: kidaraja, kona, kivuko" (gadi reli ni ile reli ya pili inayofungwa sambamba na reli kubwa ya kupitia magurudumu), akasafiri na simu haipatikani. Mimi nimeachiwa karatasi na bosi anayeuliza kila asubuhi tumefikia wapi.

Kidaraja ni kifupi, chuma juu ya mtaro, mataruma yake (yale yanayolala chini kubeba reli) ni ya mbao. Kona iko baada tu ya geti na ni kali kweli kweli, behewa likipita kwa kusukumwa unasikia linalia. Kivuko ndo kile cha malori na bajaji za mtaani, pembeni yake kuna mama anauza mihogo ya kukaanga na majivu yake yanaishia humo humo relini.

Maswali: nafasi kati ya reli kubwa na gadi reli iwe ngapi? Nina vipande vya reli iliyotumika, naruhusiwa kuvitumia? Na je bolti zikikaa wiki zitakuwepo, maana huku vyuma chakavu vinatembea vyenyewe usiku.

Bajaji Nyeusi
Ngoja waje wataalamu, mi nimekaa hapa na karanga zangu.

Welda wa Tabata
Kaka hiyo kazi ndogo. Weka milimita 45 kote, kidaraja, kona, kivuko, piga bolti, chukua hela yako. Niliona sehemu wamefanya hivyo na mabehewa yanapita fresh tu.

Mstaafu wa Gengi
Kijana usimsikilize huyo wa 45 kote, atakumwagia behewa mtaroni. Hizo kazi ni mbili tofauti japo chuma kinafanana.

Kwenye kona ile reli ya pili kazi yake ni kulizuia gurudumu LISITOKE njiani. Inakaa upande wa ndani wa reli ya ndani ya kona, ile fupi, wala sio kwenye reli ya nje, na hapo ndo watu wengi wanapotea. Inaushika mgongo wa flenji (ule ukingo wa gurudumu unaoshuka ubavuni mwa reli) ya gurudumu la ndani, na kwa kuwa magurudumu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja, ukimshika huyu wa ndani basi mwenzake wa nje hapati nguvu ya kupanda reli. Kwa hiyo lazima iwe karibu. Reli ya India, ambao wameendesha geji ya mita miaka na miaka, kwenye pointi zao (pale njia inapogawanyika) za geji hiyo wanaweka milimita 41 mpaka 44. Kwenye kona kali geji yenyewe huwa inapanuliwa kidogo, na ikipanuliwa na hiyo nafasi nayo inaongezwa, kwa hiyo pima geji kwanza ndo uongelee nafasi.

Darajani ni habari nyingine kabisa. Pale gurudumu LIMESHATOKA, limeshashuka kwenye mataruma, unachoomba ni lisiende pembeni likavuta behewa zima chini. Linatakiwa liangukie katikati ya reli kubwa na gadi reli, litambae humo mpaka treni isimame. Sasa gurudumu lina upana unaozidi sentimita kumi, ukiliwekea uwazi wa 45 litaingia wapi? Litapanda juu ya gadi reli yako liende zake. Ndiyo maana darajani uwazi ni mkubwa, hao hao Wahindi kwenye geji yao pana wanaweka 250, kuzidi au kupungua 50. Geji ya mita ni nyembamba kwa hiyo na uwazi ni mdogo zaidi, hiyo namba chukua kwenye mchoro wa daraja, usichukue kwangu wala kwa Welda.

Kona Kali
Shikamoo mzee. Hapo kwenye upande wa reli ya ndani umeniokoa, mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya reli ya nje kwa sababu ndo inaliwa sana. Na vile vipande vya zamani?

Mstaafu wa Gengi
Marahaba. Darajani reli iliyotumika ni sawa tu, mara nyingi gadi reli za madaraja ni reli zilizostaafu kama mimi, ila angalia isiwe na ufa kwenye matundu ya bolti na kimo chake kisiwe kifupi mno kuliko cha reli kubwa. Uso wake wa juu usizidi wa reli kubwa, na usiwe chini kwa zaidi ya milimita 25, ikiwa chini sana gurudumu litairuka. Usiishie kwenye ukingo wa daraja, endelea nayo mita kadhaa huku na huku mpaka kwenye ardhi ngumu, halafu ncha mbili uzikunje zikutane katikati ya njia, zitengeneze pua. Ile pua ndo inayolipokea gurudumu lililotoka mbali na kulirudisha mahali pake kabla halijafika juu ya maji. Nimeona watu wamekata ncha kwa gesi wakaziacha zimesimama wima hivyo hivyo, hapo umetega mtego, sio ulinzi. Na kila taruma ipigwe misumari, sio moja piga moja ruka.

Kwenye kona ni tofauti. Pale reli inasuguliwa kila behewa likipita, kwa hiyo tafuta kipande kizima, na kati yake na reli kubwa weka bloki za chuma zenye bolti inayopita reli zote mbili ili nafasi isicheze. Ncha zake nazo zikunjwe polepole kuelekea katikati ya njia, gurudumu lisije likapiga ncha uso kwa uso.

Binti wa Kokoto
Mzee kamaliza sehemu kubwa, naongezea kivuko maana ndo kitakachokusumbua wewe kuliko hivyo vingine. Kile kijia cha flenji kivukoni, ule mfereji mwembamba kando ya reli unaopitisha flenji, kwenye geji pana ya India upana ni milimita 51 hadi 57, na kina kisipungue 38. Kuchimba siku ya kwanza ni rahisi, shughuli ipo kwenye kukiweka wazi. Lori linamwaga kokoto, mvua ya masika inaleta tope, bajaji zinalishindilia, jua la Dar linalikausha, wiki mbili baadae una simenti. Flenji ikifika hapo inapanda juu ya lile tope, inanyanyua gurudumu, na behewa tupu jepesi ndo linatoka kwanza kabla ya lenye mzigo. Yale majivu ya mama mihogo yakichanganyika na mafuta yanashika vibaya, muombeni kwa upole ahamishe jiko hatua chache, mnunulieni hata ndoo ya kumwagia.

Mpe mtu mmoja mtaimbo na ufagio wa chelewa, kazi yake kila siku kabla ya behewa kuingia ni kukwangua kile kijia mwanzo mpaka mwisho. Mtu mwenye jina, sio "walinzi watafanya".

Na angalia mataruma kwenye kona. Reli nyingi za zamani za hapa ni mataruma ya chuma, hayapigwi msumari, na ukianza kuyatoboa kwa gesi ovyo ovyo unayaua. Bora kwenye hiyo kona uchomoe ya chuma uweke ya mbao au utengenezewe viti maalumu. Nyanyua njia, shindilia kokoto chini ya mataruma, ndo ufunge. Ukifunga reli juu ya taruma linaloelea utarudi kila siku kukaza.

Mtoto wa Vingunguti
Kwa nini asiunganishe zile ncha mbili za darajani kwa bamba moja akachomelea, si ingekuwa imara zaidi? Afu hata SGR, ile reli mpya ya kisasa, si zile zile tu?

Binti wa Kokoto
SGR usiiguse kwenye huu mjadala kaka. Ile geji ni 1435, treni zake ni za umeme wa kilovolti 25 na reli zenyewe ni njia ya kurudisha umeme. Kwenye njia yenye ishara zinazotambua treni kwa umeme unaopita relini, chuma kikigusa reli ya kushoto na ya kulia mfumo utadhani kuna treni imesimama hapo, ndo maana kwenye njia kama hizo ile pua inawekewa kihami, kitu kisichopitisha umeme. Tawi la yadi pengine halina kitu hicho, lakini linapokutana na njia kuu usichomelee chochote mpaka uulize wenye njia.

Na hapo nimekumbuka: hili tawi lenyewe lina ruhusa? Sheria ya Reli ya 2017 ndo iliunganisha RAHCO (waliokuwa na miundombinu) na TRL (waliokuwa wanaendesha treni) ikawa TRC, Shirika la Reli Tanzania, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndo mdhibiti. Bosi aandike barua, waje wakague kabla ya behewa la kwanza. Sio urasimu, mabehewa ni ya TRC na kichwa cha treni ni chao.

Kona Kali
Barua bosi anasema "iko njiani", mnajua maana yake 😅. Nitamkazania. Na wezi wa bolti jamani hamjanijibu.

Mchongo Halali
Mi nakaa karibu na reli huku Karakana. Wanachokifanya wengi ni kuponda ncha ya bolti kwa nyundo nati isifunguke. Wengine wanapiga tone la welding. Vyuma vinabaki, kweli.

Mstaafu wa Gengi
Vinabaki, na hutaweza kukaza tena. Bolti za kona zinalegea kwa mtikisiko, hilo halina ubishi, na reli ikilika nafasi inapanuka, itabidi ufungue uongeze pakingi (vipande vya kujazia) nyuma irudi kwenye kipimo. Umechomelea, utafungua na nini? Darajani ponda tu, pale pametulia. Kwenye kona acha nati zifunguke, weka taa na mlinzi. Tengeneza kipande cha bati nene chenye kipimo chako, mkaguzi apite nacho kila wiki akikichomeka kati ya reli mbili, kikicheza anaandika kwenye daftari. Grisi ipake upande unaosugua tu, ubavuni, ikigusa uso wa juu wa reli breki hazitashika. Na siku ya kazi bendera nyekundu pande zote mbili hata kama unaambiwa hakuna treni.

Welda wa Tabata
Sawa wazee, nimeelewa, nilikuwa nasema cha kwangu tu.

Kona Kali
Nashukuru sana wakuu. Leo nimepima kona, geji imepanuka kuliko nilivyodhani na mataruma matatu yanaelea, kwa hiyo naanza na kushindilia kabla ya kukata chuma chochote. Mchoro wa kidaraja bosi kaupata kwenye kabati la ofisi, umeliwa na mende ila namba zinasomeka.

Bajaji Nyeusi
Mkuu swali la sisi wa mtaani. Hicho kijia cha kivukoni mkishakifungua, tairi ya mbele ya bajaji si itazama humo?

Binti wa Kokoto
Ukikata kivuko kwa mshazari itakamata, na mikokoteni ndo zaidi. Nyoosha usukani, vuka ukiwa umeikabili reli moja kwa moja, polepole. Na Kona Kali, hapo kivukoni jaza zege au mbao ngumu pande zote mbili mpaka usawa wa reli, acha kijia chenyewe tu.