Bima imekataa fidia ya Baba Neema aliyeumia kazini, Fort Worth, Texas. Tuanzie wapi?

Kutoka: Mama Neema, Fort Worth

Wapendwa, habari za siku nyingi. Naandika nikiwa mnyonge kidogo, mnivumilie.

Baba Neema aliumia kazini wiki saba zilizopita. Yuko shifti ya usiku kwenye ghala moja hapa, kazi ya kupakia samani kwenye trela. Kabati lilimponyoka mwenzake, uzito wote ukamjia yeye, akasikia kitu kimekatika kiunoni. Alimwambia supavaiza usiku uleule, asubuhi akapelekwa kliniki. Tukadhani mambo yamenyooka.

Ijumaa imekuja barua ya kampuni ya bima, juu imeandikwa PLN-1. Neema ndiye aliyetusomea, ana miaka 13. Inasema hawakubali kwamba aliumia kazini, kwa hiyo hawalipi matibabu wala mshahara. Supavaiza anasema tuongee na bima. Bima hawapokei simu. Kodi ya nyumba ni tarehe moja.

Je, barua hii ndiyo mwisho? Na wakili anapatikanaje kwa mtu asiye na hata senti ya kumtangulizia?

Kutoka: Kijana wa Irving

Pole sana shemeji. Usihangaike. Kuna jamaa anakuja mpaka nyumbani, anawasainisha karatasi na siku hiyohiyo anawaachia dola 500 za kuanzia maisha. Alimsaidia binamu yangu alipogongwa na gari. Nitumie namba yako pembeni nimpe.

Kutoka: Baba Zawadi, Abilene

Mama Neema, usitume namba kwa mtu yeyote.

Kijana, sikugombezi, najua umesema kwa nia njema. Lakini hapa Texas wakili kumtuma mtu agonge milango ya majeruhi na kugawa pesa ili apate kesi ni kosa la jinai. Anayeanza kazi yako kwa kuvunja sheria, utamwaminije na faili lako? Tena ajali ya gari na ajali ya kazini ni vitu viwili. Fidia ya kazini hailipi "maumivu". Inalipa matibabu na sehemu ya mshahara, kwa kawaida asilimia 70 ya kile ulichopoteza kwa wiki, hadi kiwango cha juu kilichowekwa na jimbo. Wakili wa halali haombi kitu mfukoni mwako. Malipo yake yanakatwa kwenye hizo hela za wiki, hayapiti asilimia 25, na lazima yaidhinishwe na idara ya serikali inayosimamia fidia, hiyo wanayoiita DWC.

Sasa barua. Itakushangaza, lakini kuna jambo jema ndani yake. Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kuwa na bima ya fidia. Wengi hawana, na mfanyakazi wao akiumia barabara yake ni kumshtaki mwajiri mahakamani na kuthibitisha uzembe. Ninyi mmeandikiwa na bima, na fomu ni PLN-1. Maana yake kampuni ina bima na mko ndani ya mfumo wa DWC. Mlango umefungwa lakini mlango upo.

Kutoka: Mama Neema, Fort Worth

Shikamoo Baba Zawadi. Asante. Nimepumua kidogo. Lakini nimepiga simu kwa mawakili wanne leo. Wawili wamesema hawachukui kesi za fidia ya kazini kabisa. Mmoja ameuliza kama kuna kampuni nyingine iliyohusika, nikasema hapana, akanitakia siku njema. Wa nne hajarudisha simu.

Kutoka: Dada Wanjiku, Arlington

Pole Mama Neema. Hayo yalinipata pia. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, niliumia mkono 2022 nikiinua mzee kwa nyumba ya wazee, na bima ikakataa vilevile. Mawakili wa kesi hizi Texas ni wachache kwa sababu malipo yenyewe ni madogo, na kama unachogombania ni matibabu tu, hakuna hela ya wiki ya kuwakatia. Kwa hivyo wakikukataa usidhani kesi yako ni mbaya.

Aliyenisaidia hakuwa wakili. Ni ofisi ya serikali ya jimbo inaitwa Office of Injured Employee Counsel, watu husema OIEC. Namba yao ni 1-866-393-6432. Ina watu wanaoitwa ombudsmani, na huduma ni bure kabisa, hakuna kukatwa chochote. Ombudsmani hawezi kuwa wakili wako, hatakuamulia, lakini atakaa na wewe mezani, atakuonyesha karatasi gani inakosekana, na mkiingia kikaoni yuko kando yako. Ukishaajiri wakili, yeye anajitoa. Kwa hivyo chagua mmoja.

Mkimpigia, mambo mawili yawe tayari. La kwanza, fomu DWC-041. Hiyo ndiyo dai la mfanyakazi mwenyewe, na inatakiwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuumia. Watu wengi (mimi pia!) hudhani ripoti ya kampuni imemaliza kazi. Haijamaliza. La pili, soma tena ile PLN-1 pale wanapoeleza sababu. Neno kwa neno. Usipigane na kile unachodhani wamesema.

Na tafadhali, Neema apumzike. Mtoto asitafsiri mambo ya baba yake. Ukipiga simu sema tu "Swahili", watatafuta mkalimani.

Kutoka: Mama Neema, Fort Worth

Dada Wanjiku, Mungu akubariki. Nimekaa na barua na mkalimani wa OIEC kwenye simu, na nimeona kitu ambacho kimenitoa machozi.

Sababu wanayotoa ni hii: karatasi ya kliniki ya siku ya kwanza inasema aliumia nyonga ya kulia. Kipimo cha MRI cha wiki tatu baadaye kinaonyesha tatizo kwenye pingili za chini za mgongo. Bima wanasema nyonga haina kitu, na mgongo hakuutaja, kwa hiyo aliupatia kwingine au ni uzee wa mifupa. Ana miaka 41.

Baba Neema anaapa hakusema nyonga. Alisema "kiuno". Kliniki walitumia mkalimani wa simu, na kiuno kikaandikwa kama nyonga.

Kutoka: Baba Zawadi, Abilene

Eeh! Kiuno.

Sisi wote tukisema kiuno kinauma tunamaanisha hapa chini ya mgongo, kuanzia Fizi hadi Mombasa. Lakini kamusi itakupa pale mtu anapofunga mkanda, na mwenye haraka akisikia hivyo anakwenda pembeni badala ya nyuma. Ningekuwa na uwezo ningebandika onyo hili kila kliniki ya Texas. Ndugu zangu, mkiwa mbele ya daktari GUSENI mahali panapouma, na mwombe aandike alichokiona kidole kikigusa.

Kutoka: Dada Wanjiku, Arlington

Hiyo ni kesi ya kujibika Mama Neema, usikate tamaa. Kwanza mwandikie kliniki kuomba rekodi irekebishwe, ueleze neno lililotumika. Wanaweza kukataa kubadilisha, lakini ombi lako linabaki kwenye faili.

Halafu daktari. Hapa ndipo wengi huanguka. Karatasi ya "asifanye kazi", ile DWC-073, haitoshi. Daktari anayemtibu aandike barua akieleza JINSI kabati lile lilivyosababisha shida ile. Kama mgongo ulikuwa na uchakavu tangu zamani, aeleze ajali iliuzidishaje. Uchakavu peke yake haukunyimi fidia ukithibitisha kwamba ajali imeuumiza zaidi. Daktari wangu wa kwanza aliandika "inawezekana", na mbele ya hakimu neno hilo ni jepesi kama pamba. Ombudsmani atakusaidia kumwandikia maswali.

Je, kuna mtu aliyeona? Yule mwenzake wa kabati?

Kutoka: Mama Neema, Fort Worth

Yule mwenzake anaogopa kazi yake, simlaumu, ana watoto wanne. Lakini sikilizeni. Usiku ule Baba Neema alinitumia sauti kwenye WhatsApp nikiwa nimelala. Saa inaonekana, 3:12 alfajiri. Anasema, "Mama Neema, kiuno kimekufa, huku nyuma kwenye mgongo, kabati limeniangukia, sijui kama nitaweza kuendesha gari." Nilikuwa karibu kuifuta simu ilipojaa!

Ombudsmani amesema nisiiguse, tuipeleke ikiwa na tafsiri iliyoandikwa na mtu asiye ndugu.

Kutoka: Kijana wa Irving

Shemeji nisamehe kwa yale ya mwanzo. Yule jamaa nimemuuliza kuhusu fidia ya kazini, akaniambia "hizo hazina pesa". Mimi nina cheti cha ukalimani wa hospitali. Nitaitafsiri hiyo sauti na kusaini, bure. Hatuna undugu wa damu, shemeji ni heshima tu.

Kutoka: Mama Neema, Fort Worth

Wapendwa, mrejesho. Tulikwenda kile kikao cha kwanza, BRC. Ni meza tu, hakuna hakimu. Afisa wa DWC anajaribu kuwapatanisha, hana mamlaka ya kuamua. Mwakilishi wa bima alisikiliza sauti ya WhatsApp, akaandika kitu, akasema msimamo wao haujabadilika. Kwa hiyo tunakwenda CCH, pale kuna hakimu. Barua ya daktari imekuja, kurasa mbili, na haina neno "inawezekana".

Ombudsmani ametuambia hata tukishindwa tuna siku 15 za kukata rufaa tangu tupate hukumu, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Nimeziandika kwenye friji.

Hospitali walianza kutuma bili kwa jina la Baba Neema. Baba Zawadi alinipigia akanieleza kwamba wakati mgogoro haujaamuliwa hawaruhusiwi kumdai majeruhi mwenyewe. Nimewapelekea nakala ya PLN-1 na namba ya dai, wamenyamaza.

Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Baba Neema hawezi kukaa kwenye gari dogo zaidi ya dakika kumi. Kuna mtu Fort Worth mwenye van, na ambaye hayuko kazini asubuhi hiyo? Mafuta nitaweka mimi.

Kutoka: Dada Wanjiku, Arlington

Niko zamu ya usiku, natoka saa moja. Nitakuja na ile ya kanisa. Abebe mto wa kuweka kiunoni.