Tupeane uzoefu: mchoraji gani wa zamani aliubadilisha mkono wako?

Wakuu, tusimuliane. Usiseme tu "namkubali sana". Sema alikubadilisha nini.

Naanza mimi: Cézanne, yule mchoraji Mfaransa. Nilikaa na picha yake ya matofaa mezani nikiinakili kwa rangi ya mafuta. Kwa mbali tofaa ni duara safi. Ukisogea, ukingo ni vipande viwili vitatu vya bluu vilivyoachana, na ukingo wa meza unaozama chini ya kitambaa upande wa kushoto hautokei usawa uleule kulia. Tangu hapo sizungushii kila umbo mstari mweusi. Matisse, mchoraji mwingine Mfaransa, alinunua picha ya Cézanne ya waogaji watatu mwaka 1899, mfukoni hali mbaya, akakaa nayo mpaka 1936 alipoitoa kwa jumba la makumbusho la Petit Palais, Paris. Miaka 37 ukutani! Huyo alikuwa anaisoma, si kupamba nyumba.

Jibu la 1
Wangu Van Gogh, ila kilichonifungua macho ni alivyomfanyia Millet, mchoraji wa wakulima aliyemtangulia. Akiwa hospitalini Saint-Rémy, 1889 hadi 1890, alichora upya kazi za Millet kama 20 hivi kutoka kwenye chapa zisizo na rangi. Umbo la Millet, rangi zake mwenyewe. Nami nafanya hivyo: nakala naigeuza nyeusi na nyeupe kwanza, halafu najipangia rangi. Hapo ndipo nilipogundua kumbe napenda kijani kilichokolea kwenye vivuli.

Jibu la 2
Sawa, lakini kunakili kunanoga hadi unajisahau. Mimi niliambiwa waziwazi kwamba hata vivuli vyangu ni vya mtu. Kilichonitoa ni Picasso: mwaka 1957 aliivamia Las Meninas, picha ya Mhispania Velázquez ya 1656, akatoa mfululizo wa picha 58. Lile jibwa kubwa lililolala mbele akaliondoa, akaweka kijibwa chake cha miguu mifupi. Ile ni jeuri, na nimeipenda.

Mwanzisha uzi
Hapo kwa kijibwa umenimaliza, mkuu. Je, siku hizi bado unanakili, au umeacha kabisa?

Jibu la 2
Nanakili, ila naifunika picha ya bwana mkubwa nikifika nusu. Inayobaki namalizia kichwani.

Jibu la 3
Caravaggio, Mwitaliano wa giza na mwanga mkali, kwa upande wa mwanga tu. Nazima taa zote, nabakiza moja ubavuni. Watu wake wenyewe siwagusi.