Paka dume kaziba mkojo, kreatinini 812, figo ndo basi tena?

Mama_Maranda: Wakuu habari za jioni, niko Soweto hapa Mbeya. Dume langu la miaka 4, limehasiwa, Jumapili likaanza kuingia kwenye beseni lake la maranda linachuchumaa weee hakuna kitu, linatoka linajilamba linarudi tena, mi nikajua choo kigumu maana anakula usipa wakavu kutwa na maji hagusi, tena na baridi hii ya Julai. Jumatatu katapika, kajificha chini ya meza, nikimgusa tumbo kwa chini kuna kitu kigumu kama chungwa. Nikamtia kwenye kikapu, bodaboda mpaka kwa daktari. Wakamzibua kwa mpira, wakaweka dripu. Damu: kreatinini (uchafu ambao figo huuchuja) 812, potasiamu (chumvi ya damu) 8.3. Siku ya tatu kreatinini 190, potasiamu 4.2. Sasa nimegugo naona kreatinini ya kawaida ni chini ya 1.6!! Jirani ananiambia achomwe sindano apumzike tu. Nimechoka kulia jamani.

Kihesa_Kilolo: Pole sana. Ila hizo ni mizani mbili tofauti, ya kwako ni maikromoli, ya gugo ni miligramu. Gawanya kwa 88.4. 812 inakuwa kama 9.2, na 190 inakuwa 2.1 hivi. Hiyo 1.6 kwa mzani wako ni kama 140. Kwa hiyo hujafika mbali na kawaida, jirani atulie kwanza.

Mjuba: mpe nusu ya parasetamo apunguze maumivu

Daktari_wa_Ngombe: Mjuba USIMPE MTU USHAURI HUO. Parasetamo inaua paka, ini lake haliwezi kuivunja kama letu, hata kipande kidogo.

Mama, mi natibu mifugo huku Mafinga, zaidi ng'ombe ila paka wanaletwa. Namba za siku ya kwanza zinakwambia bomba limeziba, hazikwambii figo zikoje. Mkojo hauna pa kutokea, presha inarudi juu, figo zinashindwa kuchuja, uchafu unabaki kwenye damu, basi kreatinini na yurea vinapanda. Hata kile kipimo kipya cha figo, SDMA, watu wanachokisifia kinapanda vilevile. Kilichotaka kumuua ni hiyo potasiamu 8.3, ndiyo inayofanya moyo uende polepole mpaka usimame, kreatinini hata ingekuwa 1500 haisimamishi moyo. Kutoka 812 hadi 190 kwa siku tatu ni mteremko mzuri sana, figo iliyokufa haishuki hivyo.

Wamekwambia anakojoa kiasi gani sasa? Akishazibuliwa wengine wanakojoa kama bomba la mvua, wakitoa dripu mapema anakauka na kreatinini inapanda tena, mtu anadhani figo zimeharibika upya kumbe ni maji tu.

Mama_Maranda: Anakojoa sana daktari, mfuko wanamwaga kila mara. Sasa figo nitazijuaje?

Daktari_wa_Ngombe: Subiri wiki mbili tatu, awe anakula na kunywa vizuri, hana dripu. Hapo pima kreatinini pamoja na uzito wa mkojo (ulivyo mzito ukilinganisha na maji), vyote siku moja. Mkojo wa leo hauna maana, dripu imeuzimua kama chai ya wageni kumi. Ukivuka 1.035 na kreatinini iko chini ya 140, mi nitalala usingizi. Na usipa uloweke, mwagia supu isiyo na chumvi wala vitunguu.

Kihesa_Kilolo: Na akirudi nyumbani angalia beseni kila siku. Wangu aliziba tena siku ya tano, usiku.

Mama_Maranda: Mpira wametoa asubuhi, tumerudi. Saa kumi kaingia kwenye maranda, nimekaa pembeni nimeshika tochi kama askari. Kakojoa. Donge saizi ya andazi, nimelipiga picha nikamtumia jirani.